Uchovu Uliochelewa: Manusura wa Polio na Kikundi Chao



Polio ikitajwa katika ukumbi kama huu, watu hutarajia habari za chanjo. Watoto wa chini ya miaka mitano, matone mdomoni, alama ya wino kwenye kidole cha mwisho. Ni habari njema, na haijakwisha. Agosti 2020 Kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Februari 2022 mtoto mmoja akagundulika Malawi akiwa na virusi vyenye asili ya Pakistan, nasi majirani tukarudi kupita nyumba kwa nyumba na vibebeo vya chanjo begani. Lakini hayo nawaachia wanaoyafanya. Jioni hii nazungumzia watu ambao matone yale hayakuwafikia kwa wakati. Walipooza, wakasimama tena, wakasoma, wakaoa na kuolewa, wakajenga. Sasa wana miaka hamsini au sitini, na ugonjwa waliodhani wameshamalizana nao utotoni umerudi kuwadai.

Mimi ni mmoja wao. Homa ilinishika Tanga nikiwa mtoto mdogo, na iliponiachia iliondoka na nguvu za mguu wa kushoto. Nimefundisha shule ya msingi hadi kustaafu, nikisimama ubaoni kutwa nzima. Nilipokaribia miaka hamsini ulianza kuchoka mguu wa kulia, ule mzima, niliokuwa nikiutegemea. Katika zahanati moja niliambiwa ni umri. Kwingine niliambiwa nipunguze mawazo na niongeze mazoezi. Nyumbani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeniuliza kama niliwahi kuugua polio, ingawa niliingia nikichechemea mbele ya macho yao.

Ili tuelewane, lazima niseme kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe. Virusi vya polio huingia kwa mdomo na kuzaliana tumboni, na kwa watu wengi mambo huishia hapo. Kati ya watu 200 wanaoambukizwa, ni kama mmoja tu anayepooza moja kwa moja. Huyo virusi vinakuwa vimemfikia kwenye uti wa mgongo na kuua chembe za neva zinazoiamuru misuli. Msuli uliokosa wa kuuamuru hunywea. Mtoto anapoanza kupata nafuu, wiki na miezi baadaye, si kwamba chembe zilizokufa zimefufuka. Zile zilizosalia ndizo zimechipua matawi mapya na kuzichukua nyuzi za msuli zilizoachwa yatima. Ni kama shangazi aliyebaki peke yake katika ukoo, mwenye watoto wake watatu, akajikuta analea kumi na watano. Anawalea kweli. Wanakula, wanakwenda shule, na majirani wanasifu ushujaa wake, ila hakuna anayeuliza atafika wapi. Baada ya miaka thelathini ya kulisha midomo yote hiyo, shangazi huchoka, na watoto huanza kumponyoka mmoja mmoja.

Hayo ndiyo maelezo ambayo wanasayansi wengi wanayakubali hadi sasa. Ndiyo pia yanayoeleza kwa nini mguu wangu wa kulia uliniangusha. Kiungo kinaweza kupoteza hata nusu ya chembe zake bila mtu kuona udhaifu wowote. Mguu tuliouita mzima huenda haukuwa mzima hata siku moja. Ulikuwa umeficha hasara yake, na juu ya hasara hiyo tukaubebesha kazi ya miguu miwili.

Dalili zenyewe mnaweza kuzisikia kwa manusura yeyote mkimpa nafasi. Udhaifu mpya, katika msuli uliopooza zamani au katika ule ulioonekana salama. Uchovu ambao usingizi hauuondoi. Maumivu ya misuli na viungo. Baridi: mguu wa polio hupoa haraka kuliko wa mtu mwingine, na Lushoto mwezi wa Julai unaweza kuwa kama umetolewa kwenye maji ya barafu. Wapo wanaopaliwa na chakula, wapo wanaopumua kwa shida usiku na kuamka na kichwa kizito. Daktari hutaka kuona kwanza kwamba mtu alipata polio ya kupooza, kwamba alipata nafuu, kwamba alikaa angalau miaka kumi na mitano bila mabadiliko, kisha udhaifu mpya ukaanza na kudumu zaidi ya mwaka bila sababu nyingine. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba hali hii, inayoitwa athari za baadaye za polio, huwapata kati ya asilimia 25 na 40 ya manusura. Virusi havijarudi. Mtu huyu hamwambukizi yeyote, na ninalisema hili kwa sauti kwa sababu najua nyumba ambamo mama alitengewa kikombe chake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Nani aliigundua hali hii?

Vitabu vya tiba vitawapeleka Paris, mwaka 1875. Daktari Raymond alieleza kisa cha kijana wa miaka 19, mtengeneza ngozi, aliyepooza utotoni na sasa alikuwa anapoteza nguvu katika mkono ambao awali haukuguswa. Charcot, bingwa wa magonjwa ya neva wa zama zile, alikitolea maoni na kuitaja kazi nzito ya kijana yule miongoni mwa sababu. Kisa kikaandikwa, kikawekwa kabatini. Kwa zaidi ya miaka mia moja hali ile haikupewa nafasi ya maana katika mafunzo ya udaktari, wala haikuwa na jina moja linalokubalika.

Waliolifungua kabati hilo hawakuwa madaktari. Huko Marekani alikuwepo mama mmoja, Gini Laurie, ambaye ndugu zake walipatwa na polio mwaka 1912, kabla yeye hajazaliwa. Alijitolea katika hospitali ya Cleveland iliyokuwa na wagonjwa wa polio wanaopumua kwa mashine, na mwaka 1958 akaanza kuhariri jarida dogo la kuwaunganisha baada ya kurudi makwao. Jarida lile lilianza kama barua za salamu. Nani kazaa, nani kapata kazi, nani kabuni namna ya kufungua mlango kwa mdomo. Miaka ikapita, barua zikaanza kubadilika. Watu ambao hawakuwahi kukutana walikuwa wanaandika jambo moja: nachoka, nimeanza kushindwa ngazi, daktari ananiambia hakuna kitu. Barua moja ya namna hiyo ni malalamiko ya mtu. Zikiwa nyingi, ni ushahidi. Mwaka 1981 Laurie aliwakutanisha manusura na wataalamu mjini Chicago. Mwaka 1984 wakafuata watafiti, wakakutana Warm Springs, Georgia, kwenye chemchemi zile zile za maji moto ambako Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alianzisha kituo cha wagonjwa wa polio mwaka 1927. Mmoja wa waliouandaa mkutano huo, Dkt. Lauro Halstead, alikuwa mwenyewe manusura wa polio. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ndiyo maana nasema kikundi cha manusura si mahali pa kupeana pole tu. Pole tunapeana, tena za kutosha. Lakini hali hii haina kipimo cha damu wala picha ya kuithibitisha. Daktari huifikia kwa kusikiliza historia na kuondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine. Ugonjwa wa namna hii, maarifa yake ya kwanza yanakaa katika vinywa vya wanaougua, na vinywa hivyo visipokutana hakuna atakayejua.

Kwetu mambo yana uharaka wake. Ulaya na Marekani, milipuko mikubwa ilikuwa katika miaka ya 1940 na 1950, kisha ikaja chanjo ya Salk mwaka 1955 na baadaye ile ya matone ya Sabin. Manusura wao walianza kuchoka katika miaka ya 1970 na 1980, na wengi wao sasa ni wazee sana au wameshatangulia. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1975, Kenya mwaka 1980, na ilichukua miaka mingi kuvifikia vijiji. Mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili Tanzania alikuwa mwaka 1996. Fanyeni hesabu wenyewe. Waliopooza katika miaka ya sabini na themanini ndio hawa wanaochoka leo, na yule mtoto wa mwisho atafikisha miaka sitini katikati ya miaka ya 2050. Kwingine duniani polio inasomwa kama historia. Kwetu, sura yake ya pili ndiyo kwanza inaanza, na inaanza wakati wataalamu wengi wanaoijua wamestaafu.

Kuna tofauti nyingine ambayo vitabu vya wenzetu haviisemi vya kutosha. Manusura wa kule alichoshwa na ofisi na ngazi. Wa kwetu alichoshwa na riziki. Nenda Busia, mpaka wa Kenya na Uganda unapoukata mji. Kwa miaka mingi manusura wa polio wenye baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono, walijijengea biashara ya kuvusha bidhaa. Maofisa wa forodha waliwalegezea, wafanyabiashara wakaliona hilo, na baiskeli iliyotengenezwa kumbeba mtu mmoja ikawa inabeba magunia na mtu juu yake. Ilikuwa kazi ya heshima. Ilisomesha watoto. Mto Kongo nao una habari kama hiyo kwenye vivuko vya kati ya Kinshasa na Brazzaville. Siwezi kumlaumu mtu kwa kutumia mlango pekee ulioachwa wazi. Lakini tazameni mabega yale. Bega halikuumbwa liwe nyonga, wala kiganja hakikuumbwa kiwe unyayo. Mtu aliyesukuma pedali kwa mikono tangu ujanani akifika hamsini, kinachomwishia ni mikono, na kwa mtu asiye na miguu hilo ni kupooza mara ya pili.

Vikundi vya walemavu tunavyo vingi, na sivibezi. Kenya kuna chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, tangu mwaka 1958, na karakana zake za Bombolulu pale Mombasa zinajulikana na kila mtalii. Sisi tuna Chama cha Walemavu Tanzania, CHAWATA. Mitaani kuna vikoba, kuna vikundi vya ushonaji, kuna timu za mpira. Nimekaa katika vikao vyao vingi, na nimegundua kwamba tunazungumzia kila kitu isipokuwa mwili. Mikopo, ruzuku, njia ya kiti cha magurudumu pale halmashauri, nani anatuwakilisha wapi. Mwili wenyewe hautajwi. Sababu naielewa. Tumelelewa kwa wimbo mmoja tu, kwamba mlemavu anaweza. Tuliuimba shuleni, tuliuimba kwenye usaili wa kazi, tuliuimba kwa wakwe. Mtu aliyejieleza hivyo miaka thelathini anaanzaje kusema leo kwamba hawezi tena? Anaona kama anawasaliti wenzake. Basi ananyamaza, anaendelea kupanda daladala kwa kujivuta, na akianguka anasema aliteleza.

Katika kikundi chetu cha manusura ukimya huo ulivunjwa na suruali. Wengi wetu wenye paja dhaifu hutembea mkono ukiwa umebana juu ya goti, ili mguu usikunjike unapokanyaga. Ukitembea hivyo miaka na miaka, kitambaa huchakaa mahali pale pale, kiganja kimoja juu ya goti. Siku moja tulikuwa tumekaa tukimsubiri mtu wa funguo za ukumbi, mzee mmoja fundi cherehani akaanza kutucheka kwamba wote tuna kiraka sehemu moja. Akina mama wakaonyesha kanga zao zilizopauka upande mmoja. Kicheko kile kikazaa swali: je, mkono nao siku hizi unachoka? Unachoka. Asubuhi unaamka na nguvu, saa nane mchana unazimika? Nazimika. Mtu wa funguo alipofika alitukuta tumeshaanza kikao, na ajenda iliyoandikwa haikusomwa siku ile.

Tangu hapo tuna mambo yetu madogo ambayo hakuna mfadhili angeyafikiria. Viti vya plastiki visivyo na mikono haviingii katika kikao chetu, kwa sababu ukishakaa huna pa kujisukumia uinuke. Viatu tunabadilishana. Mguu wa polio hubaki mdogo, hivyo mtu anavaa 37 kushoto na 40 kulia, na muuza mitumba hakubali kuivunja jozi hata umlilie. Ukimpata mwenzako aliyepooza upande mwingine, mnanunua jozi mbili na kugawana. Wenye vyuma vya miguu tunaelezana ni fundi gani anabadilisha ngozi ya paja bila kuharibu bawaba. Mkoa wetu una bahati ya kuwa na hospitali ya KCMC jirani, ambako chuo cha mafundi wa viungo bandia na vyuma kilianzishwa mwaka 1981. Lakini chuma kinahitaji kurekebishwa kila mwili unapobadilika, na mwili wa manusura haukai.

Jambo gumu kuliko yote limekuwa kupumzika. Ukimwambia manusura wa polio apumzike, unamtukana. Utotoni aliambiwa zoezi, zoezi, mguu usiotumika hufa, na kwa mtoto yule ilikuwa kweli. Leo misuli ile ile ikilazimishwa hadi ichoke huweza kuzidi kudhoofika. Sisemi watu walale kitandani, maana kukaa bure nako kunadhoofisha. Kipimo tunachofundishana ni cha kesho yake: ukifanya zoezi au kazi leo, na kesho ukaamka na maumivu au udhaifu uliozidi wa jana, ulivuka mpaka. Kupika ukiwa umeketi kwenye kigoda kirefu, kufua kwa awamu, kupumzika kabla ya kuchoka badala ya baada yake. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitika kuirudisha nguvu iliyopotea, kwa hiyo kuitumia kwa hesabu ile iliyobaki ndiyo tiba yenyewe.

Niseme pia upande wa pili, kwa sababu nimewaona wenzangu wakifurahi kupita kiasi walipopata jina la ugonjwa. Kikundi kinaweza kupotosha. Mtu akishajua kuna athari za baadaye za polio, kila kitu kinakuwa polio. Tulikuwa na dada aliyekuwa anachoka kama sisi, tukamkaribisha kwa mikono miwili, tukamfundisha kigoda na mapumziko. Ilikuwa kisukari. Tangu siku ile tunamwambia kila anayejiunga akapimwe kwanza sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, na uti wa mgongo ukaangaliwe. Na huzuni nayo iangaliwe, maana huzuni inachosha mwili kweli kweli, na kwetu haizungumzwi.

Sasa nyie madaktari, na hasa mnaotoa nusu kaputi. Manusura wa polio anaweza kuathirika zaidi na dawa za usingizi na zile za kulegeza misuli. Huchelewa kuamka, pumzi yake huweza kuwa dhaifu kuliko anavyoonekana, na baridi ya chumba cha upasuaji humtikisa vibaya. Tunawaomba wanachama wetu waseme kabla ya upasuaji wowote, hata wa ngiri. Tumewaandikia karatasi ndogo ya kubeba pamoja na kadi ya kliniki: nilipata polio utotoni, misuli iliyoathirika ni hii, naomba mtaalamu wa usingizi ajue. Mgonjwa akikuletea karatasi hiyo, isome mbele yake. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa daktari, na kuitoa mfukoni kumemgharimu ujasiri.

Kwa serikali sina ombi refu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 tunayo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 tunayo. Ninachotaka ni kwamba vyuma, magongo na viti vya magurudumu vihesabiwe kama dawa ya mtu mzima mwenye hali hii, vibadilishwe vinapochakaa, visingoje siku ya sherehe na mgeni rasmi na kamera.

Kiti cha magurudumu ndicho kimetugawa zaidi ya kitu chochote. Mwenzetu mmoja, muuza nyanya, alikikataa kwa muda mrefu. Alikuwa ametembea kwa magongo tangu darasa la kwanza, na kukaa kitini aliona ni kurudi kwenye mkeka alikoinuliwa na mama yake. Wanawe nao waliona aibu, wakidhani majirani watasema mama kaisha. Hatukumlazimisha. Alimwona yule mzee fundi cherehani akija kikaoni na kiti chake, akitoka bila jasho, akibaki kupiga soga wakati wengine tunatafuta bajaji za kuwahi kulala. Siku moja akakiazima. Nyumbani bado anatembea, hatua chache za jikoni na msalani, na sokoni anakwenda na kiti. Anasema tofauti ni moja tu. Zamani alikuwa akifika sokoni nguvu zimekwisha, na mteja wa kwanza akishusha bei anakubali ili aachwe akae. Sasa anafika na nguvu zote za kubishana, na wateja wameanza kulalamika kwamba nyanya zake zimepanda.